Nusu Mkate

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa dakika tatu na sekunde kumi na mbili, na katika hizo, dakika moja nzima ilikuwa ya kicheko. Fundi cherehani aliutuma Jumatano mchana, mguu ukiwa juu ya pedali, sare za shule zimemjaa mapajani, simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Alibonyeza, akaachia, akaendelea kushona kola. Kwa muda wa dakika nane hivi alikuwa mwanamke mwenye raha zake.

Alijua anaongea na nani. Aliongea na Watoto wa Bombani, watu tisa waliokulia mtaa mmoja katika mji mdogo wenye kiwanda kimoja cha pamba, bekari moja na bomba moja la maji. Maisha yaliwatawanya kila upande, lakini kwa miaka mitano sasa haikupita siku bila kusalimiana kwenye kundi lao la simu, na hawakusalimiana kwa majina. Kule Bombani jina la kwenye cheti lilikuwa la cheti tu. Mtu aliitwa Kifuniko, au Debe, au Kimya. Yeye fundi aliitwa Redio, kwa kuwa alianza kusema kabla watu hawajanawa uso na hakuwa na kitufe cha kumzimia.

Siku hiyo Kifuniko aliuliza swali kwenye kundi: ni nani katika sisi sote aliyepewa jina baya kuliko wengine? Redio hakuhitaji kufikiri. Alisimulia habari za Nusu Mkate, mtoto wa pale pale Bombani aliyetumwa bekari kila alfajiri, akitoka pale mlangoni na mkate mzima na akifika kwao na nusu. "Mama yake anamchapa leo, kesho anakula tena," alisema. "Njaa gani ile, jamani? Mwisho alikuwa akitembea pole pole, sijui ni yeye aliyeubeba mkate au ni mkate uliombeba yeye." Hilo la mwisho lilikuwa jipya. Kila aliposimulia habari hiyo alitia chumvi kidogo, na chumvi ya leo ilimpendeza mwenyewe mpaka akacheka hadi machozi.

Simu ikalia. Alikuwa binti yake, anayefanya kazi maabara ya hospitali, ambaye kwa kawaida hapigi simu saa za kazi.

"Mama, umetuma nini kwenye kundi la Maandalizi?"

"Sijatuma kitu."

"Mama. Angalia."

Maandalizi lilikuwa kundi jingine kabisa. Binti alilifungua wiki mbili zilizopita ili kuunganisha familia mbili, yao na ya kijana fundi umeme aliyekuwa amemchumbia. Jumapili familia hizo zingekutana hapa nyumbani kwa fundi, wazazi kwa wazazi, kupanga tarehe ya harusi. Fundi alifungua kundi na kuuona ujumbe wake umekaa pale katikati, chini ya orodha ya viti na juu ya swali la mama wa kijana kuhusu nani atakunywa chai bila sukari.

"Nitaufuta sasa hivi," alisema.

"Watu kumi na wanne wameshausikia, Mama. Ukiufuta ndiyo wataona umefanya kosa."

"Si kosa kubwa. Ni hadithi tu ya utotoni, itawachekesha."

Na kwa kweli iliwachekesha. Mama wa kijana aliweka nyuso nne za kicheko. Mjomba wa kijana akaandika, "Mkwe wetu ana vichekesho." Fundi akaanza kupumua. Ndipo shangazi wa kijana, ambaye fundi hakumjua ila kwa jina la kwenye simu, akaandika taratibu, sentensi moja moja, kila moja na ujumbe wake.

"Mimi nimekulia mji huo."

"Mtaa huo huo wa bomba."

"Huyo Nusu Mkate ni mdogo wangu wa kuzaliwa tumbo moja."

"Ndiye baba wa bwana harusi."

Fundi alitazama kola aliyokuwa ameishona, akaona ameishona nje ndani.

* * *

Jioni walikaa mezani watu watatu na chakula ambacho hakikuliwa. Mume wa fundi alikuwa karani wa bohari ya vipuri, mtu aliyezoea kuhesabu mambo kabla ya kuyatia sahihi. Aliusikiliza ujumbe mara moja, akairudisha simu mezani kifudifudi.

"Hatukumjuaje?" aliuliza.

"Ningemjuaje, baba watoto? Alipokuja mshenga alikuja na mjomba. Mwenyewe alikuwa safari ya kikazi. Jina lake nimeliona kwenye kadi, jina la cheti, halikunipa hata harufu ya Bombani."

Hiyo ilikuwa kweli. Kwenye kadi aliandikwa kwa majina matatu marefu na cheo chake chini yake: mkaguzi wa mizani. Fundi alikuwa ameyasoma majina hayo kwa sauti mbele ya majirani, kwa fahari, na hakuna lililomgutusha.

Binti hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Alikaa na koti lake jeupe bado mwilini, akisimulia alichoambiwa na mchumba wake kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya vipimo.

"Baba yake ndiye aliyeusikia wa kwanza. Alikuwa ofisini anakula. Kabla shangazi hajaandika kitu alishajua. Alisema, sauti ile ningeijua hata nikiwa usingizini. Amerudi nyumbani, hajamfokea mtu. Amesema kijana ana ruhusa yake, aoe, yeye hana kinyongo na mimi. Ila Jumapili haji. Na siku ya harusi atafika, atakaa nyuma, ataondoka."

"Atakaa nyuma?" fundi aliuliza. "Baba wa bwana harusi?"

"Amesema hawezi kukaa meza moja na watu waliomcheka miaka arobaini."

"Ni miaka thelathini na minane," fundi alisema, na hapo hapo akajuta.

Binti alinyanyuka. "Mama, mimi sitaki harusi ambayo mtu mzima amekaa nyuma kwa ajili yetu. Bora tusubiri mwaka. Bora tusubiri miwili." Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza, na fundi alisikia aibu zaidi kuliko kama ungebamizwa.

Mume alianza kukusanya sahani. Alifanya hivyo pale tu alipokuwa na la kusema.

"Ulimwona anatoka bekari na mkate mzima," alisema.

"Kila siku. Shangazi yangu alikuwa muuzaji pale, mimi nalala hapo hapo nyuma ya mlango."

"Na ulimwona anafika kwao na nusu."

"Mama yake alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Nani asiyejua?"

"Sikuulizi nani anajua. Nauliza, uliwahi kumwona akiula?"

Fundi alifungua mdomo ili ajibu. Alitafuta ile picha kichwani, picha aliyoisimulia mara mia, ya mtoto aliyevimba mashavu anatafuna nyuma ya kona. Aliiona vizuri kabisa. Aliona hata makombo kifuani. Kisha akagundua kuwa makombo hayo aliyatia yeye, mwaka juzi, ili Debe acheke.

"Hapana," alisema.

* * *

Asubuhi ya Alhamisi aliandika kwenye kundi lake la Watoto wa Bombani, baada ya kuhakikisha mara mbili jina la kundi. Aliandika, hakurekodi, na hilo pekee liliwashtua wenzake. Aliwaeleza kila kitu kilivyokwenda mrama, akamaliza: "Nisaidieni, nimwambie nini mtu huyu?"

Walimsaidia kwa namna yao. Debe, ambaye huuza dawa za mifugo, alituma nyuso ishirini za kicheko, kisha akaomba radhi, kisha akatuma nyingine tatu. Kifuniko alishauri ampelekee mkate. Mwenzao aliye mwalimu mkuu akasema hilo litakuwa tusi la pili, na kwamba barua rasmi ndiyo njia ya watu waliostaarabika. Wakaanza kubishana kuhusu bekari, kama mlango wake ulikuwa wa kijani au wa buluu, na kama king'ora cha kiwanda kililia saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili. Siku nyingine Redio angekuwa katikati ya ubishi huo. Leo aliiweka simu chini, akavuta sare nyingine.

Saa nne ujumbe wa sauti uliingia kutoka kwa Kimya.

Kimya alikuwa mpishi melini. Katika miaka mitano ya kundi hakuwahi kusema lolote. Kila hadithi iliposimuliwa, yeye aliweka kidole gumba, na wenzake walifurahi kujua kwamba yuko hai na anasikiliza. Kumbe ana sauti nzito, ya mtu mwenye kifua, na nyuma yake palisikika sufuria.

"Redio, salamu. Salamu kwenu nyote. Mimi si msemaji, mtanivumilia. Ile nusu nilikuwa nakula mimi. Mimi na bibi yangu. Mnaikumbuka ile kona ya ghala la pamba, pale ukuta ulipobomoka? Nilikuwa nasimama pale na kopo, mtu akiniona adhani naenda kuchota maji. Yeye anakuja, anakata mkate kwa mkono, ananipa, anaondoka. Hatukuwa tunaongea. Bibi alikuwa mtu wa kujiheshimu. Alisema siku watu wakijua tunalishwa, tunahama. Nikamwomba yule mwenzangu asiseme, na hakusema. Mlimpa jina, akachapwa, hakusema. Mimi nilijiambia nitasema nikiwa mkubwa. Nikawa mkubwa. Likaja hili kundi, nawasikia mnacheka, na kila nikinyamaza inakuwa ngumu zaidi kuanza. Basi naweka kidole gumba. Hicho kidole gumba kinanitia aibu kuliko njaa yenyewe. Redio, usijibebeshe peke yako. Wewe ulisema usichokijua. Mimi nilijua."

Kundi ambalo halijawahi kunyamaza lilinyamaza mpaka mchana. Hata Debe.

Fundi alizima cherehani. Alikaa mikono mapajani, akamkumbuka mtoto mmoja mwembamba mwenye kopo, ambaye yeye Redio alimpita kila asubuhi na kumwita Kimya kwa sababu hakujibu salamu. Mdomo ulikuwa umemjaa mkate, maskini, au ulikuwa ukiusubiri. Akainuka, akatafuta viatu vyake vya kutokea.

* * *

Ofisi ya vipimo ilikuwa chumba kirefu chenye kaunta ya mbao iliyochakaa pale watu wanapowekea viwiko. Kila mwenye duka alipaswa kuleta mizani yake hapo mara moja kwa mwaka, ikaguliwe na kupigwa muhuri. Siku hiyo foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Muuza nyama alikuwa ameikumbatia mizani yake ya kuning'iniza. Mama muuza maharage alikuwa ameifunga yake kwa kitambaa, akiipakata. Fundi alishika namba thelathini na moja na mkoba wake.

"Mama, mizani yako iko wapi?" aliuliza karani wa mlangoni.

"Sina mizani."

"Sasa umekuja kupima nini?"

Foleni ikacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, watu walikuwa wamechoka kusimama na walihitaji kitu. Lakini muuza nyama, mtu wa maneno, akaongeza, "Muacheni Mama Bila Mizani, huenda amekuja kujipima mwenyewe," nao wakacheka zaidi. Kuanzia hapo hakuitwa jina jingine. Mama Bila Mizani, sogea. Mama Bila Mizani, nishikie nafasi. Alicheka nao, kwani angefanyaje, na kila alipocheka alihisi shavu likimuuma. Alikaa katika jina hilo saa mbili na nusu. Mwenzake alikaa katika lake tangu akiwa na miaka kumi.

Mkaguzi alikuwa nyuma ya kaunta, mtu mnene, nywele zimeanza kuwa nyeupe, miwani imefungwa kamba shingoni. Alikuwa akiokota mawe madogo ya shaba kwa koleo, moja moja, kutoka kwenye sanduku lililotandikwa kitambaa laini, akiyaweka kwenye mizani na kusubiri mshale utulie. Hakuharakisha. Fundi alimtazama usoni akitafuta mtoto wa bekari na hakumpata, ila masikio. Masikio yalikuwa yale yale, yaliyochomoza.

Zamu yake ilipofika alisema, "Habari za kazi, mzazi mwenzangu."

Mkaguzi hakuinua uso. "Redio," alisema.

"Ni mimi."

"Umeleta mizani?"

"Sina. Nimeleta mdomo wangu, ndio uliokosa."

"Hatupimi midomo hapa." Alirudisha jiwe moja mahali pake. "Nilihama shule kwa ajili ya jina lile. Hilo unalijua?"

"Silijui."

"Wewe ulikuwa unajua kila kitu. Darasa la sita nilimlilia mama, nikapelekwa kwa mjomba, mji mwingine, mbali. Nikasema huku hakuna anayenijua. Wiki ya pili akahamia mtoto mmoja kutoka Bombani. Siku hiyo hiyo mchana shule nzima inaniita."

Muuza nyama, ambaye alikuwa anasubiri risiti yake, alijitia hamnazo huku masikio yake yote yakiwa hapo.

"Nisamehe," fundi alisema. "Sijaja kwa ajili ya harusi tu. Ningekuja hata kama..." Akakatiza. "Hapana, huo ni uongo. Ningekuwa sina binti anayeolewa kwenu ningekaa nyumbani na aibu yangu. Lakini kuna jambo nimelisikia leo asubuhi, na hilo singeweza kukaa nalo. Kimya amesema."

Koleo lilisimama juu ya sanduku.

"Kimya yupi?"

"Kimya wa ghala la pamba. Mjukuu wa yule bibi."

"Yuko hai?"

Hapo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, na fundi akaelewa kwamba mtu huyu hakuwa anauliza kwa adabu. Alikuwa anauliza kwa nguvu zake zote.

"Yuko hai. Ni mpishi melini. Ana wajukuu wawili. Yumo kwenye kundi letu, tupo naye miaka mitano."

Mkaguzi alitafuta kiti kwa mkono, nyuma yake, bila kugeuka, akaketi. "Niliambiwa alikufa," alisema. "Mwaka ule nilipohama. Bibi alifariki, na wakasema mtoto naye hakuchukua mwezi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikajua ni kwa sababu niliondoka. Nani mwingine angempa?"

Fundi alitoa simu, akaisogeza juu ya kaunta. Sauti nzito ikasikika katika ofisi ile, pamoja na sufuria zake. Mkaguzi alisikiliza akiwa amevua miwani. Ujumbe ulipoisha aliubonyeza tena mwenyewe, akausikiliza mara ya pili mpaka mwisho. Kutoka mlangoni mtu akaita, "Mkubwa, foleni," na muuza nyama akamgeukia kwa ukali: "Wewe, subiri. Huoni watu wana mazungumzo?"

Mkaguzi alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Siku mbili za mwanzo niliula mwenyewe," alisema.

"Nini?"

"Mkate. Kabla sijamkuta pale ukutani. Ulikuwa wa moto, nikaanza kwenye kona, nikashtukia nimefika katikati. Siku mbili. Hapo hukukosea."

"Basi nitasahihisha. Nitasema siku mbili."

"Sema tatu. Kuna Jumapili moja hakutokea."

Fundi alicheka, na kicheko kikatoka na machozi, vyote kwa pamoja, hakujua ashike kipi. "Na fimbo zile?" aliuliza. "Mtaa mzima tulisikia ukilia."

"Mama alijua. Nilimwambia wiki ya kwanza. Akakunja nguo, akawa anaipiga kitandani, na mimi napiga kelele, majirani msikie. Alisema mkisikia nalia hamtauliza mkate umekwenda wapi." Alirudisha koleo sandukuni. "Tatizo nililia vizuri mno."

Fundi alitaka kumwuliza kama Jumapili atakuja. Swali lilikuwa tayari mdomoni, limevaa na viatu. Lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake Redio alilirudisha ndani. Aliandika namba ya Kimya kwenye kipande cha karatasi, akakiweka karibu na sanduku la mawe ya shaba, akaaga. Muuza nyama alimfungulia mlango mwenyewe.

"Nenda salama, mama," alisema, na hakuongeza jina.

* * *

Ijumaa hakukuwa na habari. Jumamosi mama wa kijana alimpigia binti simu kuuliza habari za viti, na kabla ya kukata akasema, kwa mshangao, kwamba mumewe alikuwa amekaa uani na simu sikioni saa nzima. "Nimepita mara tatu. Sijasikia hata maneno kumi. Wote wawili wamenyamaza tu huko, na gharama ya simu inakwenda." Binti alimletea mama yake maneno hayo sebuleni kwenye cherehani. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaingia, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaanza kumtolea mama nyuzi za sare moja baada ya nyingine. Ndivyo alivyofanya tangu akiwa mdogo, kila walipomaliza kununiana.

"Atakuja?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Sikumwuliza."

"Wewe? Hukuuliza?"

"Usinicheke."

Jumapili walihamisha cherehani chumbani, wakapanga viti kumi na vinne, vitano kati yake vya kuazima. Mume wa fundi alivihesabu, akavihesabu tena, akaacha kimoja pale mbele, karibu na chake. Wageni walifika saa nane. Aliingia kijana, akaingia mama yake, mjomba, kisha shangazi, mwanamke mrefu aliyemtazama fundi juu hadi chini na kusema, "Kumbe ndiye wewe," kisha akamkumbatia. Mlango ulibaki wazi. Hakuna aliyetokea nyuma yao. Fundi alijishughulisha na vikombe asije akaonekana anatazama.

"Anafunga gari," alisema kijana. "Anakuja."

Alikuja. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na miwani yake kwenye kamba, uso mkavu wa mtu anayeingia dukani kukagua. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi. Aliwasalimu wote kwa mkono, akamfikia fundi mwisho, akampa ule mfuko.

"Tumewaletea mkate," alisema.

Fundi aliufungua. Ndani kulikuwa na nusu. Haikukatwa kwa kisu. Ilikatwa kwa mkono, na upande uliokatwa bado ulikuwa laini.

"Samahani," mkaguzi alisema, bila kucheka hata kidogo. "Nilikuwa na njaa njiani."

Kwanza hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Kisha mume wa fundi, mtu asiyecheka bila stakabadhi, akapiga mguno mmoja wa pua, na hapo chumba kizima kikaangua kicheko. Shangazi alishika ukuta. Binti alijificha uso kwenye bega la mchumba wake, na mabega yake yalipotikisika fundi alijua ni ya raha. Mkaguzi ndiye aliyecheka mwisho, na alicheka na masikio yake yote, na sasa fundi alimwona, yule mtoto, kama alivyokuwa akitoka mlangoni pa bekari.

Tarehe ilipangwa kabla chai haijapoa. Mkaguzi alikaa kiti cha mbele. Fundi aliiweka ile nusu kwenye sahani nzuri katikati ya meza, akaipiga picha, akalisoma jina la kundi mara tatu, kisha akaituma kwa Watoto wa Bombani.

Walijibu wote kwa mkupuo, Debe, Kifuniko, mwalimu mkuu, na hawakusahau kubishana kwamba mkate wa bekari ya nyumbani ulikuwa mrefu kuliko huo. Kimya alichelewa. Fundi aliona maandishi ya kwamba anaandika, yakapotea, yakarudi. Alingoja kidole gumba. Badala yake yakaja maneno mawili matatu, naye mkaguzi akainama pembeni yake ili asome.

"Ile nusu nyingine ilitufika, mimi na bibi. Tulishiba."

"Anasemaje?" waliuliza wengine.

Redio aliwasomea kwa sauti, mara moja, na hakutia chumvi.